Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi



Ni nadra kuikuta nyumba ya Mswahili huku ughaibuni isiyokuwa na mizani ya kupimia masanduku. Ni ile ndogo ya kushika mkononi, yenye kulabu chini na kioo cha tarakimu juu. Usiku wa kuamkia safari ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, mizani hiyo ndiyo hakimu wa sebuleni. Baba ananyanyua, mama anasoma, watoto wanacheka. Ikisoma 23 na nusu, sanduku linafunguliwa, viatu vya mjomba vinatolewa, sabuni za shangazi zinahamishiwa kwenye mkoba wa mkononi, kisha sanduku linapimwa tena. Tunahesabu mpaka gramu, kwa kuwa tunajua fika kwamba uwanja wa ndege hauna udugu. Kilo ikizidi, pesa inatoka.

Mizani hiyo hiyo imetutia aibu, nasi tumeona tuiseme aibu yetu hadharani, kwani tunaamini si yetu peke yetu.

Jumapili moja usiku tulijikwaa kwenye begi la shule la binti yetu, alilokuwa ameliacha ukumbini karibu na mlango. Tukataka kulisogeza kwa mkono mmoja, likagoma. Sisi tuliosomea uhandisi tuna maradhi yetu: hatuwezi kuona kitu kizito tusitake kujua ni kizito kiasi gani. Tukaifuata mizani kabatini. Ikasoma kilo 9.8. Binti mwenyewe ana miaka 13, na uzito wake ni kilo 48. Yaani mtoto yule alikuwa akibeba moja ya tano ya mwili wake kila asubuhi, akienda nao kituo cha basi, akipanda nao ngazi za shule mara sita au saba kwa siku, kisha akirudi nao. Na mfuko wa chuoni, wenye msahafu na madaftari ya dini, hatukuupima, kwa sababu ule huushika mkononi. Hataki kuuweka msahafu pamoja na viatu vya mpira. Adabu hiyo tulimfundisha wenyewe. Kumpunguzia mzigo hatukukumbuka.

Tulipokaa naye kulifungua begi, tulikuta haya: begi lenyewe tupu, kilo 0.9, kompyuta ya mkononi na chaja yake, kilo 2, vitabu vitatu vya kiada, kilo 2.4, madaftari na faili, kilo 1.3, viatu na nguo za michezo, kilo 1.4, chupa ya chuma iliyojaa maji, kilo 1.1, chakula cha mchana na vikorokoro vya kalamu na kikokotoo, kilo 0.7. Hapakuwa na cha anasa. Tukamwuliza kwa nini amebeba viatu vya michezo na kesho yake hakuna michezo.

Akatujibu, “Baba, nikivisahau siku ya michezo nabakishwa baada ya masomo. Afadhali nivibebe kila siku.”

Jawabu hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Mwanetu hakuwa akibeba vitabu tu. Alikuwa akibeba khofu.

Sasa tuje kwetu sisi wakubwa. Tulipolitaja jambo hili kwenye mkutano wetu wa Jumamosi, ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema watoto wa huku wamedekezwa. Yeye alikwenda shule maili nne kwa miguu, na jioni alirudi na kuni kichwani. Mwingine akasema mama yake alibeba ndoo ya maji huku ana mtoto mgongoni, wala hakuna aliyemletea mizani. Tunawaheshimu wazee wetu, lakini kwa hili tunawapinga, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, mzigo wa zamani haukutupwa tu juu ya kichwa cha mtoto. Alifundishwa. Nani katika sisi asiyekumbuka binti mdogo akienda kisimani na kidoo kidogo, nyuma ya dada yake mwenye ndoo ya kati, nyuma ya mama mwenye ndoo kubwa? Mtoto alianza na kopo. Alisukiwa ngata, akaonyeshwa namna ya kuisimamisha shingo, akaambiwa asitazame chini. Kipimo kiliongezwa kadiri alivyokua, na aliyekuwa akimtwika alikuwa hapo hapo akimtazama. Haya si masimulizi ya bibi tu. Mwaka 1986 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu waliowapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu nchini Kenya, wakakuta kwamba wanaweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila ya kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ukaeleza siri yenyewe: iko katika mwendo, uliozoeleka kwa miaka mingi, ambao hauipotezi nguvu ya hatua moja kabla ya hatua ya pili. Wasiokuwa na mazoea hayo hawaipati nafuu hiyo. Basi anayetaja ndoo ya mama yake aitaje na ngata. Mabinti zetu tumewapa ndoo kubwa siku ya kwanza ya sekondari, na ngata hatukuwapa.

Pili, hebu tutazame tunavyojilinda sisi wenyewe. Wengi wetu katika nchi hii tunafanya kazi za kuhudumia wazee na wagonjwa. Kila mwenye kazi hiyo amepitia mafunzo ya kunyanyua mizigo, na anajua kwamba mgonjwa hanyanyuliwi na mtu mmoja. Huitwa mwenzako, au huletwa mashine. Wengine tuko maghalani na viwandani. Huko nako zipo kanuni za mwaka 1992 za unyanyuaji wa mizigo kazini, zinazomtaka mwajiri aepushe unyanyuaji wa hatari na ayapime yasiyoepukika. Mwongozo unaokwenda na kanuni hizo unataja kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, pale mzigo unaposhikwa karibu na mwili usawa wa kiuno, kuwa ni kiwango cha kuanza kujiuliza maswali. Bwana mkubwa kazini akituambia tubebe zaidi, tunajua pa kwenda kushtaki. Lakini kanuni hizo ni za waajiriwa. Mwanafunzi si mwajiriwa, na hapa Uingereza hakuna sheria inayotaja kilo za begi lake. Inakuwaje mtu arudi nyumbani saa mbili usiku akilalamika kwamba leo kazini walikuwa pungufu, kisha amwambie bintiye anayelalamika bega, “Acha uvivu”? Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo kwa kutusuta, wala hawakutupa ruhusa.

Siku ile ukumbini tulifanya jaribio dogo. Bwana mmoja wa rika letu, aliyekuwa akicheka kuliko wote, alikubali kwa hiari yake. Uzito wake, kwa kauli yake mwenyewe, ni kilo 81. Tukamtilia kwenye begi la mgongoni mchele, gunia la kilo 10 na mfuko wa kilo 5, na pakiti ya unga wa ngano ya kilo moja na nusu. Jumla kilo 16 na nusu, ambazo kwa mwili wake ni kiasi kile kile, moja ya tano. Tukamwomba aende mpaka kituo cha basi na kurudi, kisha apande ngazi za ukumbi mara mbili. Alikwenda akicheka. Aliporudi alilitua begi taratibu, akakaa, akaomba maji. Hakusema kitu, isipokuwa alipokuwa akiaga alituomba tumwazime mizani.

Hapa tunataka kuwa waadilifu, maana hoja njema haihitaji kutiwa chumvi. Wako wanaosema begi zito hupindisha uti wa mgongo na kumlemaza mtoto maisha. Sisi hatusemi hivyo. Mwaka 2018 jarida la British Journal of Sports Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti nyingi juu ya mabegi ya shule, na waandishi wake hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba uzito wa begi au namna ya kulibeba ndiko kunakowaletea watoto maumivu ya mgongo. Anayetaka kutupinga atauchukua utafiti huo, nasi tunamkabidhi kwa mikono miwili. Lakini tunamwuliza: je, mpaka mtoto alemae ndipo tumpunguzie? Kuchoka si kitu? Kufika darasani umetota jasho, mabega yamekufa ganzi, na somo la kwanza ni hisabati, si kitu? Wafanyakazi wenzetu kazini hawadai haki zao kwa kuonyesha uti uliopinda. Wanasema, “Huu umezidi,” na hilo linatosha.

Na hesabu yenyewe haina mjadala. Mzigo ulio mgongoni humvuta mtu nyuma, na nguvu ya mvuto huo ni uzito ukizidishwa kwa umbali ulioko baina ya mzigo na mwili. Kitabu kizito kikilala sentimita 20 kutoka mgongoni, kinavuta mara mbili ya kile kilicholala sentimita 10. Ili asianguke chali, kijana huinamia mbele. Ndiyo maana tunawaona asubuhi vituoni wamepinda kama wazee wanaotafuta sindano. Na kijana anayetundika begi bega moja, kwa kuwa ndiyo fasheni, huelemea upande mmoja, na mwili wake unafanya kazi ya ziada kumrudisha katikati.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo madogo yasiyowafaa watu wazima kuyazungumza, na atazame India. R. K. Narayan, mtungaji wa riwaya za mji wa kubuni wa Malgudi, aliteuliwa kuingia Baraza la Juu la Bunge la nchi yake. Mwaka 1989, katika hotuba yake ya kwanza humo, hakuzungumzia mipaka wala majeshi. Alizungumzia watoto wa shule na mabegi yao. Kutokana na mjadala wa zama zile iliundwa mwaka 1992 kamati ya Profesa Yash Pal, ambayo ripoti yake ya mwaka 1993 ilisema neno ambalo kila mzazi angelitia moyoni: kwamba mbaya zaidi ya uzito wa begi ni mzigo wa kutoelewa kile kinachofundishwa. Ilichukua muda mrefu, lakini mwaka 2020 Serikali ya India ilitoa sera inayosema begi lisizidi asilimia 10 ya uzito wa mwanafunzi. Ufaransa nayo, katika waraka wa wizara ya elimu wa mwaka 2008, ilitaja asilimia hiyo hiyo 10. Asilimia hiyo si mstari uliochorwa na malaika, ni kipimo cha busara tu. Lakini angalau wenzetu wamekubali kwamba kipimo kinatakiwa. Kwa binti yetu ingekuwa kilo 4.8. Alikuwa amezidisha maradufu.

Begi limekuwa zito kwa sababu gani? Shule zina sehemu yao, na hatutawafichia. Katika shule ya mwanetu vikabati vya wanafunzi viliondolewa jengo lilipokarabatiwa, wala havikurudi. Mwanafunzi wa sekondari hana darasa lake wala dawati lake. Kila kengele inapolia anahama chumba, na nyumba yake ni begi lake. Juu ya hayo, kila mwalimu anataka kitabu chake kiwepo, na kisipokuwepo ni adhabu. Mtoto mwenye akili afanye nini? Anabeba vyote, kila siku, ili asikosee. Tuliowaona wazembe kumbe ndio waangalifu.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Nasi tuna sehemu yetu. Nani aliyemnunulia begi kubwa kwa kusema, “Atalikulia,” kama tulivyomnunulia koti? Begi kubwa halikai tupu, hujazwa. Nani aliyempa chupa ya chuma iliyojaa, ilhali shule ina bomba la maji ya kunywa? Nani aliyempangia masomo ya ziada Jumanne, chuoni Jumatatu mpaka Alhamisi, na kila mahali na vitabu vyake? Na nani, katika mikutano ya wazazi pale shuleni, anayekaa kiti cha nyuma na koti lake mwilini, asiyeuliza swali, akatoka wa kwanza?

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Tunaogopa kuonekana wabishi. Tunasema sisi ni wageni, tusilete maneno, watoto wetu wasije wakawekewa alama. Sanduku likizidi kilo moja tunabishana na wahudumu wa ndege mpaka foleni inagoma, na hapo ugeni wetu hatuukumbuki! Kodi tunalipa kama wenzetu. Watoto wetu wengi wamezaliwa hapa. Mgeni ni nani?

Tuseme pia lililotukuta kwenye kamati ya chuo chetu wenyewe, maana si haki kuwasuta walimu wa Kizungu tukawanyamazia wa kwetu. Tuliomba liwekwe rafu, misahafu na vitabu vya dini vibaki pale pale, watoto wasiende navyo shule na kurudi navyo. Tukajibiwa kwamba msahafu ni baraka, si mzigo. Tukasema hilo tunaliamini, na kwa sababu ni baraka hatupendi kuuona ukiburutwa kwenye mabasi kwa saa kumi. Maneno yalikuwa mengi, na mengine hayafai kuandikwa. Mwisho tuliruhusiwa, kwa sharti kwamba rafu tuitengeneze wenyewe. Tukanunua mbao, tukaitengeneza kwa Jumamosi moja, na vijana ndio walioipaka rangi. Shuleni tulipeleka barua yenye saini za wazazi sita, ikiwa na maombi matatu: mahali pa kuacha viatu na nguo za michezo, ratiba itakayotaja vitabu vinavyohitajika siku ile tu, na kosa la kusahau kitabu mara moja lisiwe la kubakishwa. Ombi la kwanza limekubaliwa. Mawili tunaambiwa yanajadiliwa, nasi hatujachoka kuuliza.

Nyumbani hatukungoja mtu. Kila usiku binti yetu analimwaga begi mezani na kulipanga upya kwa ratiba ya kesho. Tulimwachia aamue mwenyewe kipi kinabaki, kwa kuwa kijana wa miaka 13 ukimpangia atalipanga tena kwa siri. Vitabu viwili vya kiada amegundua havifunguliwi darasani, vinahitajika kwa kazi za nyumbani tu, vinabaki. Sehemu ya faili inabaki. Chupa inakwenda tupu na kujazwa huko. Kompyuta, iliyo nzito kuliko vyote, inalala upande wa mgongo. Mikanda yote miwili imevutwa, kitako cha begi hakishuki chini ya kiuno. Mikanda miwili aliikataa wiki nzima kwa kuwaogopa wenziwe. Hatukumgombeza, tulimwonyesha tu hesabu ya sentimita, na wiki iliyofuata akaikubali mwenyewe. Mizani leo inasoma kilo 5 na nusu. Bado imezidi asilimia 10. Tunaendelea.

Msomaji wetu wa Muscat au wa Dubai atasema kwao watoto huchukuliwa kwa gari mpaka mlangoni. Vizuri, lakini gari halipandi ngazi za shule. Wa Marekani atasema kwao vikabati vipo. Na amwulize mwanawe kama anapata wasaa wa kukifikia baina ya kengele mbili.

Hatudai watoto wetu wasibebe kitu. Mtu asiyebeba kitu hakui. Tunadai wabebe kwa kipimo, wafundishwe kubeba, na wakisema umezidi wasikilizwe kabla hawajazoea kunyamaza. Maana mtoto anayenyamazishwa kwa begi leo, kesho hatatuambia mazito zaidi ya hilo.

Mizani mnayo. Iko kabatini, inangoja safari. Usiku huu itoeni, mliite begi la mwanenu, na mpime mbele yake.